Jina Lisilo na Mtu: Mvuto wa Filamu ya Kufananishwa

Mada yetu ni filamu moja ya mwaka 1959, North by Northwest, iliyoongozwa na Alfred Hitchcock kutokana na hadithi iliyoandikwa na Ernest Lehman. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Roger Thornhill, bwana mmoja wa New York ambaye kazi yake ni kutunga matangazo ya biashara, ameketi na wenzake katika baa ya Hoteli ya Plaza. Kijana mhudumu anapita akimtafuta mgeni aitwaye George Kaplan. Papo hapo Thornhill anainua mkono kumwita kijana huyo, kwa kuwa anataka kumpelekea mama yake telegramu. Wanaume wawili waliosimama pembeni wamesikia jina, wameona mkono, wakaunganisha. Muda si muda Thornhill yumo garini, bastola ubavuni, na tangu hapo hadi filamu inapokwisha, zaidi ya saa mbili, hapati nafasi ya kuketi kitako. Kisa hiki kimeigwa mno, na mpenzi wa sinema anazijua siri zake zote kabla hajaketi kutazama. Kwa nini basi bado kinamshika? Jibu tulilozoea kusikia ni kwamba kila binadamu huogopa kudhaniwa kuwa mtu mwingine. Jibu hilo halitoshi, na nadhani halina kweli nyingi.

Ushahidi wa kulipinga anatupa Hitchcock mwenyewe. Miaka mitatu kabla, mwaka 1956, alitoa filamu nyingine ya mtu aliyefananishwa, The Wrong Man, na kisa chake kilikuwa cha kweli. Christopher Emanuel Balestrero, mpiga besi wa Stork Club, klabu ya usiku ya New York, alikamatwa mwaka 1953 baada ya wafanyakazi wa ofisi ya bima kusema kwamba yeye ndiye aliyewaibia kwa vitisho. Katika filamu tunaona polisi wakimwambia aingie dukani, atembee, atoke, ili wenye duka wamtazame vizuri. Tunaona wakimwandikisha maneno ya kikaratasi alichotumia mwizi, naye kwa hofu anakosea palepale alipokosea mwizi. Picha ni nyeusi na nyeupe, sehemu nyingi ni zilezile zilizoshuhudia mambo hayo, na Henry Fonda, ambaye sura yake Wamarekani walikuwa wameizoea kuwa sura ya mtu mnyofu, anacheza kama mtu anayezama bila kupiga kelele. Mwishowe mwizi halisi anakamatwa akijaribu kuiba kwingine, lakini kufikia hapo mke wa mwanamuziki amekwisha kuharibikiwa akili na kulazwa. Kama hofu ya kufananishwa ndiyo inayotuvuta, hii ndiyo ingekuwa filamu ya kurudiwa kila mwaka, maana hofu yake ni halisi na yaweza kumpata yeyote aliyekwenda kuuliza mkopo. Sivyo ilivyo. The Wrong Man huheshimiwa na wajuzi. North by Northwest ndiyo inayotazamwa tena na tena. Kosa ni lilelile, mwongozaji ni yuleyule, hata mtunzi wa muziki, Bernard Herrmann, ni mmoja. Lazima tofauti iwe mahali pengine.

Tofauti ni hii. Katika filamu ya 1956 jina baya lina mwenyewe. Yuko mwizi, ana uso, na siku uso huo unapoonekana kosa linakwisha lenyewe, hata kama madhara yake hayakwishi. Katika filamu ya 1959 George Kaplan hayupo. Hakufa, hakujificha: hajawahi kuwapo. Ametungwa na idara ya ujasusi ya Marekani ili kumshughulisha Phillip Vandamm, mfanyabiashara wa siri za serikali anayechezwa na James Mason kwa adabu tamu ya kutisha. Vandamm akimkimbiza Kaplan, hatamwona jasusi wa kweli aliye karibu naye. Kwa hiyo Kaplan hukodishiwa vyumba vya hoteli mji baada ya mji, nguo zake hutundikwa kabatini, mizigo yake huhamishwa, na hakuna aliyewahi kumwona kwa sababu hakuna wa kuonwa. Tusidhani huu ni upuuzi wa Hollywood. Mwaka 1943 Waingereza waliivika maiti sare, wakaipa jina la Meja William Martin, wakaitia mifukoni barua za mchumba na vipande vya tiketi za tamthilia, wakaiacha baharini karibu na pwani ya Uhispania. Wajerumani walipata nakala za nyaraka hizo wakaamini. Mbegu ya hadithi ya Kaplan nayo Hitchcock aliipata kwa mwandishi wa habari, Otis Guernsey. Watu wa ujasusi walijua kwamba mtu wa karatasi akitunzwa vizuri huwa na nguvu kuliko mtu wa nyama.

Sasa angalieni yanayomkuta Thornhill. Aliyefananishwa na mtu aliyepo anaweza kujitetea kwa njia moja ya uhakika: amlete mwenyewe. Aliyefananishwa na asiyekuwepo hana wa kumleta. Filamu inaichezea hoja hii kwa umakini wa wakili. Mwanzoni Thornhill anamwonyesha Vandamm leseni yake ya udereva. Vandamm anatabasamu na kusifu ustadi wa wanaomtengenezea vyeti. Thornhill anakwenda Plaza, chumba namba 796, akidhani atamkuta Kaplan na mambo yataisha. Mtumishi anayesafisha chumba anamwita Bwana Kaplan. Anaulizwa, umepata kuniona kabla ya leo? Hapana, anasema, lakini wewe si ndiye mwenye chumba hiki? Anayeleta suti iliyopigwa pasi naye anafikiri hivyohivyo. Thornhill anaijaribu suti na mikono ni mifupi; kwa mtu mwenye haki, huo ungekuwa ushahidi wa kutosha. Kisha simu inalia, anaipokea, na sauti ya upande wa pili inamwambia kwa furaha kwamba sasa amejithibitisha mwenyewe, kwa nini mtu asiye Kaplan apokee simu ya Kaplan? Baadaye anafika makao makuu ya Umoja wa Mataifa kumtafuta mwenye nyumba alimopelekwa na watekaji, na kwenye dawati la mapokezi anajitaja kuwa ni George Kaplan, kwa kuwa hana jina jingine litakalomfungulia mlango. Dakika chache baadaye mwenye nyumba anaanguka na kisu mgongoni, Thornhill anakishika, na mpiga picha anabonyeza kitufe. Kila hatua ya kulikana jina imelishonea jina hilo mwilini mwake.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha mvuto. Hofu ya kuonekana kama mwingine tunaimaliza mara filamu inapokwisha. Kinachotukaa ni jambo la ndani zaidi: kugundua kwamba utambulisho wa mtu, kwa macho ya dunia, ni chumba kilichokodishwa kwa jina fulani, simu inayopokewa, suti iliyotundikwa. Thornhill ana vyote vinavyomfanya mtu awe mtu wa kuaminika, katibu, wakili, mama, fedha, jina kwenye shajara za wakubwa, na vyote vinashindwa na nafasi tupu iliyotayarishwa kwa ustadi. Wala filamu haimwachi bila lawama. Katika dakika za mwanzo kabisa ananyakua teksi ya mtu mwingine kwa kudai kwamba katibu wake ni mgonjwa, kisha anamtuliza katibu huyo kwa kueleza kwamba katika kazi ya matangazo hakuna uongo, kuna kutia chumvi kwa manufaa tu. Herufi ya katikati ya jina lake ni O, na anapoulizwa inasimama badala ya nini anajibu kwamba haisimami badala ya chochote. Mtunga majina ya bidhaa amemezwa na bidhaa ya watunga majina wenzake. Lehman hakuhitaji kulisema hilo kwa sauti kubwa, na hakulisema.

Yupo atakayepinga papo hapo: kama Kaplan asiyekuwepo ndiye siri ya filamu, mbona Hitchcock anaitoboa mapema? Ni kweli. Hata theluthi moja ya filamu haijafika, tunapelekwa kwenye meza ya maafisa huko Washington wanaosoma gazeti lenye picha ya Thornhill na kisu mkononi. Tunaelezwa yote. Tunawasikia pia wakiamua kutofanya lolote, kwa kuwa kumwokoa kungemharibia kazi jasusi wao halisi, na mmoja wao anamuaga Thornhill kwa mbali kama unavyomuaga abiria wa meli iliyokwisha ng'oa nanga. Msomaji wa Kiswahili aliyelelewa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla anaweza kushangaa. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, siri ya kifo hutunzwa hadi mpelelezi aikunjue, na sisi tunamfuata nyuma tukiokota alichodondosha. Hitchcock alikuwa na mafundisho ya kinyume, aliyomweleza François Truffaut katika mazungumzo yao ya mwaka 1962. Bomu likilipuka chini ya meza bila watazamaji kujua, utawashtua kwa sekunde chache. Wakijua lipo, na saa ikionekana ukutani, mazungumzo ya kawaida kabisa ya waliokaa mezani yatawatoa jasho kwa dakika nyingi. Kutoboa siri mapema kunatufanya sisi, na si Thornhill, ndio tuubebe ujuzi wenye uzito. Yeye anamtafuta Kaplan; sisi tunajua anautafuta upepo.

Tukio la uwanda wa Indiana, ambalo kwa hakika lilipigwa picha California, halieleweki bila ujuzi huo. Thornhill ametumwa huko akutane na Kaplan. Basi linamshusha kando ya barabara iliyonyooka, mashamba makavu pande zote, jua la mchana. Hakuna muziki. Gari linapita, jingine linapita. Kisha mtu mmoja anashushwa ng'ambo ya barabara, na hao wawili wanatazamana kwa muda ambao mwongozaji mwingine angeukata. Thornhill anavuka, anamuuliza kwa adabu kama jina lake ni Kaplan. Mtu huyo anakana, anatupia jicho ndege ndogo ya kunyunyizia dawa kwa mbali, na kushangaa kwamba inanyunyizia mahali pasipo na mazao, kisha anapanda basi lake na kuondoka. Wengi hukumbuka ndege tu. Lakini kabla ndege haijageuka kuwa silaha, tumekwisha kuteseka kwa dakika kadhaa kwa sababu ya swali moja la adabu, ambalo sisi tunajua jibu lake na muulizaji halijui. Hitchcock alieleza kwamba alitaka kuukimbia mtindo uliochakaa, ule wa usiku, taa ya barabarani na kivuli cha ukutani. Akachukua mwanga na uwazi. Mahali patupu pamelingana na jina tupu, na sidhani kwamba ni bahati.

Pingamizi la pili ni la watu wa kawaida na ninaliheshimu kuliko lile la wajuzi. Wanasema: acha falsafa, tunampenda Cary Grant, tunaipenda ndege, tunaupenda Mlima Rushmore na nyuso za marais wanne za mawe ambazo watu wananing'inia juu yake. Grant kweli ni nusu ya filamu. Alikuwa na miaka hamsini na minne, suti yake ya kijivu inavumilia mengi kuliko binadamu wa kawaida, na Jessie Royce Landis anayecheza kama mama yake alimzidi umri kwa miaka saba tu. Lakini kama vivutio hivyo vingejitosheleza, vingefanya kazi popote vinapohamishiwa. Mwaka 1963 filamu ya James Bond, From Russia with Love, ilimpa shujaa wake helikopta ya kumkimbiza katika nchi ya wazi. Ni tukio zuri la mbio. Hakuna anayeshika kichwa, kwa kuwa Bond anajua yeye ni nani, wanaomkimbiza wanajua yeye ni nani, na mwajiri wake anamlipa kwa ajili hiyo. Ukiondoa jina tupu, hubaki mashine angani.

Kuna wanaolalamika kwamba kisa hakiingii akilini. Majambazi wenye visu wanahitaji ndege ya nini kumwua mtu aliyesimama peke yake? Nyumba ya Vandamm imejengwaje karibu na mnara wa taifa, tena na uwanja wa ndege? Katika mkahawa wa Rushmore yuko hata mtoto mmoja nyuma ambaye anaziba masikio kabla bastola haijalia; ameshafanya mazoezi ya tukio hilo, maskini. Sina haja ya kuyatetea haya. Hitchcock mwenyewe aliwadharau waziwazi watu aliowaona wanahesabu uwezekano badala ya kutazama. Nitasema tu kwamba filamu hii imelegea pale isipojali na imekaza pale inapojali. Mlolongo wa chumba namba 796, leseni, suti na simu hauna tundu hata moja. Siri ya Vandamm, ile mikrofilamu iliyofichwa ndani ya sanamu, hatuambiwi kamwe ina nini. Hitchcock alimwambia Truffaut kwamba kati ya visingizio vyote alivyotumia kuendeshea hadithi, hicho ndicho kitupu kuliko vyote, na kwa hiyo ndicho bora. Mantiki yote imewekwa upande wa utambulisho, na kwingine kumeachiwa mchezo.

Pingamizi zito ni la nne. Mtu anaweza kusema kwamba kicheko cha filamu hii ni kicheko cha aliyeshiba. Thornhill akikamatwa amelewa, baada ya kunyweshwa pombe kwa nguvu na kuachwa nyuma ya usukani, anapiga simu kwa mama, na kesho yake mama huyo anamhimiza alipe faini ya dola mbili yaishe. Ndani ya lifti mama huyohuyo anawageukia wauaji na kuwauliza kama kweli wanataka kumwua mwanawe. Lifti nzima inaangua kicheko. Balestrero hakuwa na lifti ya namna hiyo. Na Mmarekani mweusi wa mwaka 1959 ambaye gazeti limemchapa na kisu mkononi asingefika hata kwenye geti la treni ya kifahari ya kwenda Chicago, sembuse kuketi katika behewa la chakula na kuombwa ajifiche na mrembo. Ninalikubali pingamizi hili karibu lote. Kuna watu duniani ambao kufananishwa na mhalifu si taharuki kwao bali ni hali ya kila juma, na sinema haiwafundishi kitu. Lakini kwa sababu hiyohiyo filamu inamhitaji mtu wa aina ya Thornhill. Kuonyesha kwamba vyeti na mavazi na sauti ya mamlaka havina mtu ndani yake, ni lazima umchukue mtu ambaye vitu hivyo havijawahi kumwangusha. Angekuwa mnyonge tungemhurumia, tungekasirika, na tungesahau kuuliza swali.

Wala si kweli kwamba filamu inaishia kumrudishia starehe zake. Katikati kuna uamuzi. Chicago, Thornhill anajiokoa kwenye ukumbi wa mnada kwa kupiga bei za kichaa hadi polisi wanaitwa kumwondoa. Uwanja wa ndege anamkuta Profesa, mkuu wa majasusi anayechezwa na Leo G. Carroll, ambaye anaanza kumfafanulia kuhusu Kaplan. Injini ya ndege inanguruma na kuyazima maneno yake yote. Hitchcock anajua kwamba tunayajua, na kwamba ufunuo haukuwa kamwe jambo lenyewe. Jambo ni lile linalofuata. Thornhill anaelezwa kwamba Eve Kendall, mwanamke aliyempenda na kumlaani kwa kumsaliti, anayechezwa na Eva Marie Saint, ndiye jasusi halisi, na kwamba yeye mwenyewe amemtia hatarini. Ili kumwokoa anakubali kuwa Kaplan kwa hiari, mbele ya Vandamm, na kupigwa risasi za bandia ndani ya mkahawa. Jina alilolikataa kwa leseni na kwa kelele analivaa kwa makusudi, na kwa kulivaa analiua.

Kisha anagundua kwamba Profesa anakusudia kumwacha Eve aondoke na Vandamm, kwa manufaa ya taifa. Anamwambia, kwa maneno makali kuliko tulivyomzoea, kwamba kama hawawezi kushinda vita baridi bila kuwatumia wanawake namna hiyo, afadhali wajifunze kushindwa. Profesa anajibu kwamba hilo tayari wanalifanya. Ni mazungumzo ya sekunde chache katika filamu ya Hollywood ya mwaka 1959, na nadhani ni ya ujasiri kuliko tamthilia nyingi nzito za miaka ileile. Kutoka hapo Thornhill anatoroka kwa dirisha la hospitali alimofungiwa na kupanda hadi nyumba ya Vandamm. Mara hii hakuna aliyemkosea. Hakuna jina linalomsukuma, hakuna polisi wala telegramu ya kusingiziwa. Anakwenda kwa sababu ameamua kwenda, na ni kwa mara ya kwanza tangu tulipomwona akinyakua teksi ya mwenzake.

Atakayetaka kuipima hoja hii asinitegemee mimi. Azitafute filamu zote mbili, na aanze na The Wrong Man ya 1956 ili kicheko kisimdanganye. Akifika North by Northwest, asiisubiri ndege. Akae vizuri pale Thornhill anapofungua mlango wa chumba namba 796, na ahesabu ni watu wangapi humo wanaosema uongo: atakuta hakuna hata mmoja.